Tusiisingizie Qadari: Mto Haukutushtukiza



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wazazi, vijana na wanafunzi, tunaandika haya kutoka Maliba, chini ya mlima Rwenzori, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha mlimani usiku wazazi hawalali. Tunaandika kwa sababu tumechoka na neno moja. Kila mto unapofurika na kuchukua nyumba za watu, utamsikia mtu msikitini, na mwingine katika baraza la gombolola, wote wakisema: "Ni qadari ya Mungu, nani angejua?"

Neno hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni imani yetu, wala hatuipingi. Hakuna jani linaloanguka bila Allah kujua. Sehemu ya pili, ile ya "nani angejua", ni uongo. Leo tunataka kuupinga uongo huo waziwazi, kwa viongozi wetu na kwa nafsi zetu pia.

NANI ANGEJUA? SOTE TULIJUA

Tuhesabu pamoja. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika. Ulishuka na mawe na magogo ukapita Kilembe mpaka mjini Kasese. Hospitali ya Kilembe ikaingia maji na matope, wagonjwa wakahamishwa, maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Mwaka uliofuata, Mei 2014, Nyamwamba ukafurika tena. Mei 2020, katikati ya mwezi wa Ramadhani, misikiti ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona, mito minne ilifurika kwa mara moja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha. Hospitali ile ile ya Kilembe iliyokumbwa mwaka 2013 ikaharibiwa tena, safari hii vibaya zaidi. Wapo waliopelekwa kambini Muhokya wakidhani ni kwa wiki chache, wakakaa kwa miaka. Kisha tarehe 7 Septemba 2022 udongo uliporomoka kijijini Kasika, gombolola la Rukoki, na watu wasiopungua 15 wakafariki, wengi wao akina mama na watoto. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Ndugu msomaji, itazame miezi hiyo: Mei, Mei, Mei, Septemba. Mvua zetu ni za misimu miwili, ya Machi hadi Mei na ya Agosti hadi Novemba. Mkulima wa Maliba anajua wiki ya kupanda maharage. Anajua lini kahawa itachanua na lini njia ya mlimani haitapitika. Itakuwaje basi mkulima huyo huyo, na diwani aliyechaguliwa na mkulima huyo, waseme hawakujua mto utajaa lini? Siku na saa hatuzijui, hizo ziko kwa Allah. Lakini msimu tunaujua, bonde tunalijua, na nyumba zilizo ukingoni tunaweza kuzitaja moja moja kwa majina ya wenyewe.

Na si mto peke yake. Tunaishi kwenye Bonde la Ufa na ardhi yake hutikisika. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 150 upande wetu na upande wa Congo, na Februari 1994 ardhi ilitikisika tena na kuua. Tunaishi mpakani, magonjwa huvuka na watu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi wa rika la watoto wetu wanaosoma ukurasa huu. Kila mzazi wa Kasese siku ile alijiuliza: likitokea shuleni kwa mwanangu, nani atanipigia simu? Niende wapi? Nimuulize nani? Hayo ni maswali ya mpango, na mpango haupangwi siku ya msiba.

"MLIKUWA WAPI JANA?"

Tuanze na aibu yetu wenyewe, ili asije mtu akadhani tunanyoosha kidole kwa wengine tu.

Baada ya mafuriko mamoja tulikusanya sadaka. Tulitangaza, watu wakatoa, Allah awalipe. Tukajaza magunia ya nguo, tukakodi gari, tukaenda kambini tukiwa tumefurahi na nafsi zetu. Tulipoyafungua magunia tukakuta magauni ya sherehe, viatu vya mguu mmoja na makoti mazito ya watoto wadogo. Akina mama waliokuwa pale walihitaji sufuria, jerikeni za maji, sabuni na vitambaa vya hedhi. Hatukuwa navyo, kwa sababu hatukuuliza. Tuligawa hivyo hivyo. Familia zilizokuwa karibu na gari zilipata mara mbili, na mzee mmoja mlemavu aliyelala mwisho wa kambi hakupata kitu, kwa sababu hakuna aliyetuambia yupo. Tukapiga picha, tukarudi.

Kabla hatujaondoka, bibi mmoja alituita. Hakuwa Muislamu, ni jirani yetu tu. Akatuambia kwa upole: "Wanangu, asanteni kwa nguo. Lakini mna kipaza sauti kile kwenye msikiti wenu, tunakisikia kila alfajiri mpaka huku bondeni. Usiku ule mto ulipokuja mbona kilikaa kimya? Mlikuwa wapi jana?"

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna. Hakuna aliyekuwa amepanga kwamba mtu wa juu akiona mto unabadilika ampigie mwadhini, na kwamba mwadhini atangaze. Kipaza sauti kilikuwepo. Simu zilikuwepo, mwadhini alikuwepo, na kila mmoja alikuwa amelala kwake akiamini hilo ni jukumu la mwingine.

Swali la bibi yule ndilo lililotufanya tuandike.

KASESE HII HII ILIIZUIA EBOLA

Watasema: "Nyinyi mnaota. Hii ni wilaya maskini, haiwezi kujiandaa kwa lolote." Tunawajibu kwa jambo lililotokea hapa hapa kwetu, na wengi wetu tumelisahau.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wetu. Ugonjwa ule ulienea mpaka Ituri, ukakaa karibu miaka miwili na kuua watu zaidi ya 2,200. Mpondwe ni mlango unaopitwa na maelfu ya watu siku za soko. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu: wanaoana, wanazikana, wanauziana samaki na maharage. Mtu yeyote angeapa kwamba Kasese itateketea.

Lakini safari hii watu hawakungoja. Kabla hata mgonjwa mmoja hajaonekana upande wetu, karibu wahudumu wa afya 4,700 katika vituo 165 vya nchi hii walishachanjwa. Mpakani kuliwekwa maji ya kunawa na watu wa kupima joto la kila anayevuka. Hospitali ya Bwera ilitengewa kituo cha kuwahudumia wagonjwa wa Ebola. Wahudumu wa afya wa vijiji, wale tunaowaita VHT, walipita nyumba kwa nyumba. Maimamu na wachungaji walisema juu ya mimbari zao kuhusu kunawa mikono na kuzika kwa usalama. Na sisi Waislamu tulikumbushwa kwamba dini yetu haina uzito: maiti ambaye kumuosha kunaleta madhara hufanyiwa tayammum.

Juni 2019 familia moja ilivuka kutoka Congo na kumpeleka mtoto wa miaka 5 katika hospitali ya Kagando. Wahudumu walimtilia shaka mapema, akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 Juni ikathibitishwa kuwa ni Ebola. Mtoto yule alifariki, na bibi yake pia. Mwisho wa Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka 9 alitambuliwa pale pale mpakani alipopimwa, naye akafariki Bwera. Wote walikuwa wameupata ugonjwa Congo. Ndani ya Uganda hakuna mtu aliyeambukizwa kutokana nao.

Rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho, ndugu msomaji. Ugonjwa uliokuwa ukiua kwa mamia ng'ambo ya mto Lhubiriha ulifika kwetu zaidi ya mara moja, na haukuenea. Ni wilaya hii hii na umaskini huu huu, viongozi ni hawa hawa na watu ni sisi sisi. Kilichotofautiana ni kwamba kwa Ebola tulijiandaa kabla, na kwa mto tunajiandaa baada ya maziko.

Ni kweli kwamba Ebola ilikuwa na wafadhili. Shirika la Afya Duniani lilikuwepo, Msalaba Mwekundu walikuwepo, na dunia nzima ilikuwa inaogopa. Mto Mubuku hauiogopeshi dunia. Hilo tunalikubali, na linatuuma. Lakini tuchambue: ni mambo mangapi kati ya yale yaliyotuokoa yalihitaji pesa za ng'ambo? Chanjo, ndiyo. Kituo cha Bwera, ndiyo. Je, orodha ya nyumba za kijiji? Mtu mmoja kupewa jukumu na namba yake kujulikana? Imamu kusema Ijumaa? Majirani kukubaliana nani atapigiwa simu kwanza? Hayo hayakuletwa na ndege. Yalitoka kwetu, nasi tuliyaacha yafe mara tu hofu ilipokwisha.

QADARI SI KISINGIZIO

Sasa turudi kwa wale wanaosema qadari. Tunawauliza ndugu zetu hawa, wengi wao wakiwa watu wema wa safu ya kwanza: Nabii Nuh (a.s.) aliijenga safina lini? Aliijenga nchi ikiwa kavu, watu wakimcheka. Na Nabii Yusuf (a.s.) alipofasiri ndoto ya mfalme, je, alisema njaa ni qadari, tukae tusubiri? Alitoa mpango wa miaka 14: walime miaka 7 ya neema, waihifadhi nafaka katika masuke yake, wale kidogo tu, ili miaka 7 ya ukame iwakute wana akiba. Kisha akajitolea mwenyewe kuzisimamia hazina za nchi. Tazameni, ndugu. Nabii wa Allah aliingia katika kazi ya serikali, tena serikali isiyokuwa ya dini yake, ili kuwaokoa watu wote na njaa. Leo sisi tunaona uzito kuhudhuria kikao cha gombolola.

Bedui yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake alielekezwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Hadithi hiyo kila mtoto wa madrasa anaijua. Tunaisomesha watoto, kisha sisi wazazi tunalala ukingoni mwa mto bila kufunga chochote, na hali hiyo tunaiita tawakkul.

Na Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba kuna tauni, alifanya nini? Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kiquraishi, akasikiliza rai zilizopingana, ndipo akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.), sahaba mkubwa, alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akamueleza kwamba anaitoka qadari moja na kuiendea nyingine, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, upande wa majani na upande mkavu. Kokote atakakochunga ni kwa qadari, lakini mchungaji mwenye akili anajua pa kupeleka wanyama wake.

Na mwaka wa 18 Hijria, ukame ulipoikausha Hijazi, Umar aliandika barua Sham kuagiza chakula, akakigawa kwa utaratibu, naye mwenyewe akajizuia samli na nyama mpaka watu washibe. Huyo ndiye kiongozi anayeamini qadari. Hakuwahutubia wenye njaa juu ya subira huku yeye ameshiba.

Kwa hiyo tuliweke neno mahali pake. Qadari ni faraja ya aliyefiwa baada ya kufanya aliloweza. Anayeitumia kufunika uzembe wake anamsingizia Allah.

"HIYO NI KAZI YA SERIKALI"

Kundi la pili ni la wanaosema: sisi ni raia tu, serikali ndiyo ijiandae. Nusu ya hoja yao ni sahihi, na tunaitaka nusu hiyo itimizwe.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 249, inataka kuwepo na Tume ya kujiandaa na kukabiliana na maafa. Miaka ikapita mingi kazi hiyo ikibebwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kule Kampala. Kisha ikaja Sera ya Taifa ya maafa ya mwaka 2010. Sera hiyo inasema wazi kwamba kuwe na kamati ya maafa ya wilaya, na ya gombolola, na ya kijiji. Yaani mwenyekiti wako wa LC1, ndugu msomaji, ana nafasi katika mpango huu, na huenda hajawahi kuambiwa.

Basi tunawauliza viongozi wetu wa gombolola, kwa heshima lakini bila kuuma maneno. Kamati ya maafa ina wajumbe gani, kwa majina? Ilikutana lini mara ya mwisho? Iliandika nini? Ina ramani ya vijiji vilivyo ukingoni na miteremko inayoporomoka? Nani ana mamlaka ya kuamuru watu wahame usiku, na watahamia jengo gani? Nani ana ufunguo wa jengo hilo? Kiongozi asiyeweza kujibu swali la ufunguo hana mpango, hata kama kabatini mwake kuna kitabu chenye nembo ya serikali.

Wakitujibu kwamba hakuna pesa, tunawakumbusha mambo mawili. La kwanza, Sheria ya Serikali za Mitaa inaliachia gombolola la vijijini asilimia 65 ya mapato linayoyakusanya. Tunajua kwetu si pesa nyingi. Lakini filimbi, tochi, kamba na muda wa maongezi wa simu kwa walinzi wanne wa mto havilishindi gombolola lolote. La pili, mwaka wa fedha wa nchi yetu huanza tarehe 1 Julai, na vikao vya bajeti vya wilaya hufanyika miezi mingi nyuma yake, mara nyingi Oktoba na Novemba. Maana yake, mafuriko ya Mei yanahitaji kuzungumzwa miezi hiyo, mwaka wa kabla. Anayeanza kuomba pesa siku maji yameingia ndani amechelewa, na aliyenyamaza katika kikao cha Novemba asije akalia mbele ya kamera Mei.

Na hapo ndipo nusu ya pili ya hoja yao inapovunjika. Vikao hivyo raia wanaruhusiwa kuvihudhuria. Je, msikiti gani wa hapa umewahi kupeleka watu wawili katika kikao cha bajeti cha gombolola, wakiwa na karatasi yenye madai matatu? Tunakwenda kwa kiongozi tukitaka cheti, barua ya mahari au kibali cha maulidi. Siku ya kupanga usalama wa watoto wetu hatuonekani.

Kisha tuseme na hili, hata likituchoma. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka ukingo wa mto uachwe: mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa katika kanuni hizo, na mita 30 kwa mingine. Nani analima mihogo mpaka majini? Nani anachimba mchanga na mawe pale pale kingo zinapoanza kulegea? Nani aliyeuza kiwanja cha ukingoni kwa mjane asiyejua, akanyamaza? Wengine wao ni sisi, tunaswali safu moja. Ni kweli kwamba mtu maskini hana pengine pa kulima, na kumfukuza bila kumpa mahali si uadilifu. Lakini kuuza kifo kwa jina la kiwanja ni khiyana, na maimamu waiseme hivyo mimbarini.

TUNACHOTAKA KIFANYIKE

Hatutaki makala hii iishe kwa kulaumu. Tunapendekeza kila msikiti wa Maliba, na wa Kasese na Bwera wakipenda, ufanye mambo haya kabla ya msimu ujao wa mvua:

1. Kamati ya msikiti imwandikie barua mkuu wa gombolola, ikiomba nafasi katika kamati ya maafa na ikitaja watu wawili watakaohudhuria, mwanamume na mwanamke. Mwanamke ni lazima. Ni mama anayejua nani mjamzito na nani amelala kitandani mwaka wa tatu.

2. Kipaza sauti kiwe mali ya bonde zima. Tukubaliane na LC1 na makanisa ya jirani juu ya tangazo moja la hatari, fupi, kwa Lukonzo na Kiswahili, lisilofanana na adhana, na mtu wa juu mlimani atakayepiga simu mto ukichafuka ghafla au ukipungua ghafla. Wazee wetu wanajua kwamba mto ukikauka huku mvua inanyesha, kuna kitu kimeuziba juu.

3. Vijana wa madrasa na wanafunzi walio likizo waandike daftari la nyumba zilizo hatarini: watu wangapi, mzee nani, mlemavu nani, nani wa kumbeba. Daftari liwe na nakala mbili, moja kwa LC1 na moja msikitini, wala lisimbague asiyekuwa Muislamu.

4. Sehemu ya sadaka iwekwe akiba kabla ya msiba: sufuria, jerikeni, sabuni, mashuka, vitambaa vya akina mama. Na tusipeleke kitu kambini kabla ya kuuliza kinachohitajika.

5. Kila familia ikae chini usiku mmoja baada ya Isha. Tukitoka tunaelekea wapi? Nani anamshika mdogo? Hati za kiwanja na vitambulisho viko wapi? Mtoto ajue namba ya simu ya mzazi kwa moyo, kama anavyoijua Suratul Fatiha.

6. Mara moja kabla ya kila msimu tufanye jaribio. Tangazo litoke, watu watembee mpaka mahali palipokubaliwa, tuone nani amebaki nyuma. Watakaocheka wacheke. Nuh (a.s.) naye alichekwa.

"SISI NI WACHACHE"

Kuna watakaosema Waislamu wa huku ni wachache, sauti yetu haifiki. Ndugu zetu, hatuombi viti. Mto haukuuliza mtu dini yake mwaka 2020, na mzee yule wa mwisho wa kambi hakutuuliza yetu. Jirani ana haki juu yetu awe nani awe. Tena uchache wetu una faida: msikiti unakusanyika mara tano kwa siku, watu wanajuana kwa majina, asiyeonekana siku mbili huulizwa. Ni ofisi gani ya gombolola iliyo na mtandao kama huo? Tumepewa neema hii, na siku ya Kiyama neema huulizwa ilitumikaje.

Kwa viongozi wetu tunamalizia hivi. Hatuji kwenu kama maadui. Mkiitisha kamati, tutakuja. Mkikosa mtu wa kuandika daftari, vijana wetu wapo. Mkikosa jengo la kuwapokea watu usiku, milango ya madrasa iko wazi na ufunguo mtajua uko kwa nani. Lakini mkinyamaza mpaka maji yaje, kisha mkasimama juu ya matope na kusema "nani angejua", tutasimama pale pale mbele ya watu na kuwasomea tarehe: 1 Mei 2013, Mei 2014, Mei 2020, 7 Septemba 2022.

Na kwetu wenyewe: bibi yule akituuliza tena tulikuwa wapi jana, tuwe na jibu la kumpa.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotangulia kwa maji, kwa udongo na kwa dhulma. Wape makazi waliobaki bila makazi. Ijaalie mvua yetu iwe ya manufaa, isiwe ya maangamizi. Tupe viongozi wanaoogopa kuulizwa, na utupe sisi ujasiri wa kuuliza. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.